Mihuri ya Alhamisi

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza alfajiri bila hodi, na nimefika kazini viatu mkononi. Daftari hili lilinunuliwa kwa ajili ya ofisi, lakini siku hizi kila kitu kinaingia kwenye kompyuta, na mimi si mtu wa kutupa kitu kizima. Nitaandika humu mambo yangu mpaka mvua ziishe au karatasi ziishe.

La kwanza: nimepewa kazi nzito. Mkurugenzi wa hospitali ameniita akaniambia nikae, jambo ambalo hafanyi hivi hivi. Anataka kujua kama kile kikundi cha maumivu kinachokutana kila Alhamisi, chumba cha nyuma ya mazoezi ya viungo, kinalipa au hakilipi. Kilianza Januari kwa majaribio. Kina watu kumi na wanne wenye maumivu yasiyoisha, na mwanasaikolojia mmoja anayekula mshahara. Mimi ndiye karani wa takwimu, basi nitengeneze jedwali kabla ya mkutano wa bajeti: miezi mitatu kabla ya kikundi watu hawa walikuja hospitali mara ngapi, na miezi mitatu ya kikundi wamekuja mara ngapi. Wakipungua, kikundi kinaokoa fedha na kinabaki. Wasipopungua, kinafungwa.

"Kuna jambo," nikamwambia. "Mmoja wa hao kumi na wanne ni dada yangu."

Akavua miwani. "Utaweza kutompendelea?"

Nikamwambia kama anauliza hivyo, hanijui.

Alhamisi, 7 Machi

Dada ameenda kwenye kikundi chake. Mimi sijaelewa mtu anatibiwaje mgongo kwa kuongea. Kama maneno yangekuwa dawa, nyumba hii ingekuwa hospitali ya rufaa, maana Dada akianza kusema hata redio inaona haya.

Dada ni fundi wa makochi. Mama alipofariki nilikuwa na miaka tisa, yeye kumi na tisa, na kochi la kwanza alilolivisha kitambaa ndilo lililoninunulia sare ya shule. Nimekua nikimwona ameweka misumari midogo midomoni, anaitoa mmoja mmoja, anapiga, na bado anaweza kunigombeza bila kumeza hata mmoja. Miaka sita iliyopita alikuwa anabeba kochi la watu watatu na mteja wake, mteja akaachia upande wake. Tangu hapo ni mgongo. Amepigwa picha tatu, amechomwa sindano zisizo na idadi, amefungwa mkanda, amekunywa vidonge mpaka tumbo likalalamika. Picha zote zinasema hana kitu.

Na mimi, niliandike tu kwa kuwa hakuna atakayesoma, kuna siku nilidhani anatia chumvi.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Hakuna jipya.

Jumanne, 12 Machi

Leo nimerudi kutoka kazini nikasikia cherehani. Nilisimama mlangoni na mwavuli wangu nikidhani ni cha jirani. Karakana ya Dada ni chumba chetu cha mbele, na kwa mwaka mzima nimekuwa nikipita humo kama mtu anayepita msibani. Leo taa imewaka, Dada ameketi, anashona mfuko wa mto.

Saa ya kengele ikalia. Akaacha, sindano ikiwa bado katikati ya mshono.

"Umeumia?" nikamuuliza.

"Sijaumia. Ndiyo maana nimeacha."

Akanieleza huku anatembea polepole chumbani. Zamani alikuwa akipata siku nzuri anashona mpaka aanguke, kisha analala siku nne. Sasa anashona nusu saa, iwe siku nzuri au mbaya, anapumzika dakika kumi, anarudi. "Bwana Taratibu anasema nisimame mwenyewe kabla maumivu hayajanisimamisha."

"Bwana nani?"

"Ndiyo jina tulilompa mwanasaikolojia wetu. Kila kitu kwake ni taratibu. Hata ukimwambia nyumba inaungua."

Nimecheka. Yeye pia amecheka, akashika kiuno, akaendelea kucheka. Zamani angekatisha.

Alhamisi, 14 Machi

Tope kila mahali, basi nimemsindikiza Dada mpaka ndani. Kwenye geti la ndani mlinzi ana amri yake moja duniani: hapiti mtu bila muhuri wa mapokezi kwenye kadi. Dada akagongewa muhuri, dereva mstaafu wa lori aliyekuwa nyuma yake akagongewa, wote wakaingia.

Nimemwona huyo Bwana Taratibu. Kijana mwembamba, mwavuli wake umevunjika ubavu mmoja. Nilitegemea mtu wa maneno matamu. Kumbe anasikiliza kuliko anavyosema. Dereva mstaafu alikuwa anamweleza kwamba wiki hii ameinama kufunga kamba za viatu kwa hofu kubwa, na yeye akamuuliza, "Ulipoinama, ulitegemea nini kitatokea?" Mzee akafikiri. Akasema, "Nikatike vipande viwili." "Na ukabaki vingapi?" Chumba kizima kikacheka, na mzee mwenyewe zaidi.

Sijui kama hiyo ni tiba. Nimeondoka nikiwaza.

Jumatatu, 18 Machi

Paa la chumba cha mafaili linavuja. Tumepanga ndoo tatu, na karani wa mapokezi amezipa namba za wagonjwa.

Alhamisi, 21 Machi

Dada amepokea kazi! Mwenye nyumba ya wageni ya barabara ya juu amemletea makochi mawili, kitambaa cha kijani kizito, bila haraka, amalize mwisho wa Aprili. Yamejaza chumba cha mbele hata mlango haufunguki vizuri, nami nimejigonga goti mara mbili na sijalalamika.

Nikamuuliza kama maumivu yamepungua. Kila Alhamisi wanaandika kwenye karatasi namba ya maumivu yao, toka sifuri mpaka kumi, wanampa Bwana Taratibu.

"Saba," akasema. "Nilianza na saba, leo saba."

"Sasa faida yake nini?"

Akanitazama kwa huruma, mimi mwenye stashahada. "Saba ya Januari nililala nayo kitandani. Saba ya leo nimekata nayo kitambaa."

Jumatano, 27 Machi

Kochi la kwanza lina mgongo mpya. Dada anaimba, vibaya kama kawaida yake.

Jumanne, 2 Aprili

Nimemaliza jedwali. Siku mbili na vitabu vya mapokezi, mstari kwa mstari. Kila muhuri uliogongwa kwenye kadi huandikwa humo kuwa ziara moja, ndivyo hospitali yetu inavyohesabu tangu enzi za marehemu karani aliyenifundisha. Nimehesabu mara mbili ili mtu asije akanitia doa.

Safu ya Dada niliifunika kwa rula. Namba zake nilimpa karani wa mapokezi azijaze yeye, na jumla kuu akaipiga yeye ili nisiitazame. Nilijisikia vizuri sana nilipofanya hivyo, nilijiona mtu mwadilifu.

Jumla si nzuri. Oktoba mpaka Desemba, watu kumi na wanne walikuja mara sitini na tatu. Januari mpaka Machi, mara mia moja sabini na moja. Nilikaa nimeshika tama. Kisha nikaandika namba ilivyo, nikatia sahihi.

Jedwali lina pia safu ya siku ambazo mgonjwa ameweza kufanya kazi, nayo imekaa vibaya. Inataka barua ya mwajiri, na fundi anayejiajiri hana wa kumwandikia. Kwa watu tisa kati ya kumi na wanne nimeweka sifuri.

Jumanne, 9 Aprili

Mkutano umekwisha. Mkurugenzi alisoma jedwali langu kwa sauti, mhasibu akapiga mluzi. "Kumbe tumewafundisha kuja hospitali!" akasema mkurugenzi, na watu wakacheka. Bwana Taratibu alikuwapo. Alisema watu wake wanaishi vizuri zaidi, wanalala, wanafanya kazi. Mhasibu akamuuliza hayo yako ukurasa gani. Hayakuwa ukurasa wowote.

Kikundi kinafungwa. Alhamisi hii ndiyo ya mwisho.

Nilipotoka alinifuata kwenye korido. Hakuwa na hasira, na hilo liliniudhi. "Una uhakika na ile mia moja sabini na moja?"

"Nimehesabu mara mbili," nikamjibu, tena kwa ukali.

Jioni nimemwambia Dada. Akauliza kwa sababu gani. Nikasema hesabu zimekuwa mbaya. Sikusema hesabu za nani wala alizipiga nani. Akaitazama saa yake ya kengele, akasema, "Basi nitaendelea mwenyewe."

Alhamisi, 11 Aprili

Wamempa Bwana Taratibu mwavuli mpya. Dada ndiye aliyechangisha watu.

Alhamisi, 18 Aprili

Dada ameshona saa tatu mfululizo. Nikamwambia apumzike. Akasema mgongo unauma zaidi, basi bora amalize kabla haujamzuia kabisa. Nikamkumbusha nusu saa yake. "Hiyo ilikuwa na mtu wa kumweleza kila Alhamisi," akasema. "Peke yangu naogopa, na nikiogopa nakimbiza kazi."

Ijumaa, 19 Aprili

Kitandani.

Jumamosi, 20 Aprili

Kitandani. Mvua mchana kutwa.

Jumanne, 23 Aprili

Ameamka, amepiga misumari kumi na mmoja, amerudi kulala. Niliihesabu nikiwa jikoni. Kumi na moja.

Jumamosi, 27 Aprili

Nimempeleka Dada kuchomwa sindano. Ya pili ndani ya wiki.

Jumanne, 30 Aprili

Mwenye nyumba ya wageni amekuja na gari. Ni mtu mstaarabu, alisubiri mpaka siku ya mwisho waliyokubaliana, na hakupandisha sauti. Kochi moja limekwisha, jingine mbavu zake ziko nje. Wamebeba yote mawili. Dada alisimama ameshika ukuta akawaelekeza jinsi ya kulitoa lile ambalo halijaisha lisichanike kwenye mlango. "Kulia kidogo. Inueni. Hapo." Gari lilipoondoka akaniambia nifagie mabaki ya kitambaa.

Nimefagia. Nimelia nikifagia, na sikujificha.

Jumatatu, 6 Mei

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi yule dereva mstaafu alikuja dirishani kwangu. Anataka kadi mpya, ya zamani imejaa. Nikamtania: "Mzee, umejaza kadi kwa miezi minne? Unaumwa au umehamia hapa?"

"Mwanangu, mimi siumwi hivyo," akasema. "Hizi zote ni za kikundi. Mlinzi wenu alikuwa hatupitishi bila muhuri."

Niliichukua kadi. Alhamisi. Alhamisi. Alhamisi. Mihuri kumi na miwili ya zambarau, yote Alhamisi, na zaidi ya hiyo muhuri mmoja tu wa kumwona daktari, wa Februari.

Nadhani nilimwambia asubiri, na maskini amesubiri sana. Niliingia chumba cha mafaili, nikatoa vitabu vya Januari, Februari na Machi, nikaondoa kila muhuri wa kikundi. Mia moja thelathini na miwili. Watu walikuwa wanakuja kwenye tiba yao, na mimi nimehesabu kila kuja kwao kama ugonjwa. Mia moja sabini na moja ukitoa mia moja thelathini na mbili ni thelathini na tisa. Sitini na tatu zilishuka mpaka thelathini na tisa. Kikundi kilikuwa kinalipa. Ukiweka vidonge, sindano na saa za daktari, kilikuwa kinalipa mshahara wa yule kijana na kubakiza.

Kisha nikatafuta safu ya Dada. Miezi mitatu kabla: tisa. Miezi mitatu ya kikundi: kumi na tatu. Mimi ninaishi naye. Mimi najua kwamba toka Januari mpaka Machi alikwenda kwa daktari mara moja tu, kwa kikohozi. Ningeitazama safu ile kwa dakika moja ningeshtuka, ningesema hii haiwezekani, ningetafuta kosa na ningelipata kabla ya chai. Safu moja tu kwenye jedwali lile ningeweza kuipima kwa macho yangu mwenyewe, na hiyo ndiyo niliyoifunika kwa rula.

Jumanne, 7 Mei

Mkurugenzi amenisikiliza mpaka mwisho. Si mtu mbaya. Alisoma jedwali jipya mara mbili, akasugua macho.

"Andika sahihisho, liingie kwenye faili," akasema.

"Na kikundi?"

"Bajeti imepigiwa kura kwa hesabu yako ya kwanza. Fedha zimekwenda kwenye paa. Mwakani, tukijaliwa, tutaliangalia."

Nikampigia simu Bwana Taratibu. Amepata kazi mbali, kwenye kiwanda, anashughulikia wafanyakazi. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama kwenye ngazi za nyuma, mvua inanipiga mgongoni. Nikamwambia anitukane tu.

"Nilizoea kuiona ile mihuri kila wiki," akasema. "Mimi pia sikufikiri." Kisha akauliza, "Fundi wa makochi anaendeleaje?"

Nikamwambia anaendelea vizuri. Mungu anisamehe.

Nitamwambia Dada kesho.

Jumatano, 8 Mei

Ameamka vibaya. Kesho.

Ijumaa, 10 Mei

Alikuwa amelala.

Jumatatu, 13 Mei

Nilikuwa ninamkanda mgongo. Uso wake ulikuwa kwenye mto, akaanza kuzungumza kama mtu anayejisemea.

"Unajua, mdogo wangu, ni mimi niliyekivunja kile kikundi."

Nikauliza amekivunjaje.

"Kila wiki niliandika saba. Wenzangu waliandika sita, tano, dereva aliandika nne. Mimi saba, saba, saba. Wewe si ulisema hesabu zimekuwa mbaya? Ningeandika tano wangetuachia. Nilidhani kusema kweli ndiyo heshima kwa yule kijana. Kumbe nilimfukuzisha kazi. Na kama ilikuwa saba mwanzo na saba mwisho, labda kweli haikunisaidia kitu. Labda nilikuwa najidanganya tu kwa sababu nilikuwa na watu wa kucheka nao."

Nilikuwa na mafuta mikononi. Nilisema, "Usiseme hivyo, Dada," nikaendelea kukanda. Nilitaka kwanza apate siku nzuri, nimwambie akiwa na nguvu. Ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba niliogopa ageuke anitazame.

Jumatano, 15 Mei

Nimerudi kutoka kazini, nimefungua mlango, na mlango umefunguka mpaka mwisho bila kugonga kitu. Chumba cha mbele ni sakafu tupu. Pale cherehani kilipokuwa pana alama nne za miguu yake kwenye saruji.

Amekiuza. Fundi mmoja wa upande wa soko alikitaka siku nyingi, Dada alimpigia simu leo asubuhi nilipotoka. Fedha ziko kwenye bahasha juu ya friji, amesema ni za sindano na dawa, asiwe mzigo kwangu. Alikinunua cherehani kile mwaka niliofaulu kwenda sekondari.

"Kilikuwa kinanitazama tu," akasema.

Alhamisi, 16 Mei

Nimekwenda kwa yule fundi wa sokoni wakati wa chakula cha mchana. Nimemsihi. Ana wateja, ana oda, ameshaanza kazi nacho. Alinionyesha kitambaa kikiwa chini ya sindano. Hana kosa.

Jumapili, 19 Mei

Leo mvua haikunyesha. Baada ya chakula cha mchana niliingia chumbani kwa Dada, nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikamwambia. Nilianza na muhuri wa mlinzi, nikaenda kwenye mia moja sabini na moja, kwenye kadi ya dereva, kwenye thelathini na tisa. Nilimwambia kikundi kilifanya kazi, tena kiliokoa fedha kuliko kilivyokula. Nilimwambia saba zake hazikuingia kwenye jedwali lolote, hakuna aliyewahi kuziuliza. Nilimwambia kosa ni langu, sahihi iliyo chini ni yangu.

Alinisikiliza akiangalia dari.

"Safu yangu ilisemaje?"

"Kumi na tatu."

"Ungeiona, ungejua ni uongo?"

"Papo hapo."

"Na hukuitazama."

"Niliogopa watasema nimekupendelea."

Akatikisa kichwa kidogo kwenye mto. "Miaka yote niliyokulea sijakuomba unipendelee. Kunitazama tu."

Nilishika mkono wake, akauacha mkononi mwangu, haukunishika wala haukunikataa. Nje watoto wa jirani walikuwa wanaruka madimbwi, wakipiga kelele kwa furaha.

Kisha akauliza, "Umejua lini?"

Nilitamani kusema jana. "Tarehe sita."

"Tarehe sita." Akahesabu kwa vidole vya mkono ule mwingine, juu ya shuka, polepole. "Cherehani kimeondoka tarehe kumi na tano."

"Ndiyo."

"Nilikiuza kwa sababu nilijua sijawahi kupona hata kidogo," akasema. "Kumbe nilikuwa napona. Na wewe ulikuwa unajua, unanikanda mgongo."

Nikalia. Nilimwomba msamaha kama nilivyokuwa nikimwomba nikiwa na miaka tisa, kwa maneno yaleyale, na yeye hakunigombeza. Ningetoa chochote anigombeze. Alisubiri mpaka nikanyamaza, akaniomba nimsaidie kugeuka, aangalie ukutani. Nikaweka mkono mmoja begani na mwingine kiunoni, nikamgeuza.